Sauti, Muktadha na Kiingereza cha Nchi ya Chai

Kiingereza cha shuleni kilianza kushika mizizi Kericho na Bomet, nchini Kenya, katika miaka ya 1920, wakati kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilipokuwa zikifyeka ardhi ya kupanda chai, nayo shule ya serikali ya Kabianga ikiwaandaa vijana wachache wa Kipsigis kwa kazi za ukarani na ualimu. Mashambani, Kiingereza hakikutoka ofisini. Penye mizani ya majani, ambako Wakipsigis walikutana na Wajaluo, Wakisii na Waluhya, nyapara na mchumaji walielewana kwa Kiswahili.

Ugumu wa mwanafunzi wa Kipsigis ulianzia sikioni. Katika lugha yake, kama katika lahaja nyingine za Kikalenjini, sauti p, t, k na ch hazipingani na b, d, g na j, yaani kubadilisha moja kwa nyingine hakuzai neno jipya, na ndiyo maana jina lile lile huandikwa Chepkoech huku na Jepkoech kule bila ubishi wowote. Kiingereza hakina uvumilivu huo: “pig” ni nguruwe na “big” ni kubwa, na kinachotenga “price”, yaani bei, na “prize”, yaani tuzo, ni s na z, ilhali Kikalenjini hakina z. Aliyeandika kwamba mkulima amepewa “prize” nzuri ya majani hakuwa mzembe. Sikio lilipokosa kuamua, uamuzi uliachiwa muktadha, yaani maneno yanayolizunguka neno lenyewe: penye kilo, mnunuzi na bonasi, neno linalofaa ni bei.

Tume ya elimu ya Ominde ilipopendekeza mwaka 1964 kwamba Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza, suala hili la kuamua neno kwa muktadha liliwafikia watoto wengi zaidi, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ukalipa umbo rasmi, kwani karatasi ya Kiingereza ilifunguliwa kwa vifungu vyenye mapengo 15, kila pengo na majibu manne ya kuchagua. Mbinu ya mapengo, ajabu kidogo, ilipewa jina nchini Marekani mwaka 1953 na Wilson Taylor, ambaye alitaka kupima wepesi wa maandishi kusomeka, wala si uwezo wa mtoto. Vitabu vingi vya marudio, hata hivyo, viliyapanga maneno yanayotatanisha mawili mawili ili yakaririwe, bila sentensi yoyote ya kuyazunguka.