Jadot na Wana wa Shaba: Jina la Ukoo katika Picha za Likasi

Anayetaka kuona picha za kale za Likasi hana budi kuanza kwa jina la ukoo wa wageni. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966 mji huu wa migodi, ulioko Haut-Katanga, uliitwa Jadotville, na picha zake za miaka hiyo, za reli, za mitambo ya kusafishia shaba na za kambi za wafanyakazi, ziliandikwa jina hilo na kuhifadhiwa hivyo huko Ulaya. Makala hii inakusudia kulifuata jina lenyewe na kuuliza ni akina nani linaowakusanya pamoja, na ni akina nani linaowaacha nje.

Mwenye jina ni Jean Jadot, mhandisi aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1862. Kabla jina lake halijafungamana na Katanga, alisimamia ujenzi wa reli ya Peking hadi Hankow nchini China. Mwaka 1906 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Union Minière du Haut-Katanga, na tangu 1913 hadi kufa kwake mwaka 1932 aliongoza Société Générale de Belgique, shirika la fedha lililoshika hatamu za uchumi wa Kongo. Kwa hiyo faili moja yenye jina hilo yaweza kuwa na daraja la China na tanuri la Katanga, bila ya vitu hivyo kuhusiana kwa lolote ila mtaji.

Lakini Jadot si mmoja. Yuko Joseph-Marie Jadot, hakimu na mwandishi, ambaye mwaka 1959 alitoa kitabu juu ya waandishi wa Kiafrika wa Kongo ya Kibelgiji. Yuko pia Jean Jadot mwingine (1909–2009), kasisi wa jeshi la Force Publique kuanzia 1952 hadi 1960, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu na mjumbe wa Papa nchini Marekani. Picha ikiandikwa "Jean Jadot, Kongo" pasipo mwaka, msomaji hajui kama amtazame mwenye hisa au mwenye msalaba. Jina la ukoo, ambalo mtunza nyaraka huliamini kama ushahidi, hapa ni mtego.

Kwa watu wa Ireland jina hilohilo lina picha nyingine kabisa. Mwezi Septemba 1961 askari wao wapatao 155, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa na kuongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa mjini humo na majeshi ya Katanga iliyojitenga. Walipigana siku kadhaa, risasi na maji vikawaishia, wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Filamu iliyotolewa mwaka 2016 juu ya tukio hilo ilipigwa Afrika Kusini. Mtazamaji huondoka akilijua vyema jina la Jadot, na Likasi yenyewe hajaiona.

Tugeukie sasa wenyeji. Pwani tumezoea ubini: Fulani bin Fulani, na nasaba yasomeka katika jina. Katika sehemu nyingi za Kongo, mtoto amezoea kupewa jina lake mwenyewe, pengine la babu au la jamaa aliyetangulia, hata ndugu wa tumbo moja wakawa na majina tofauti. Baba yake Patrice Lumumba aliitwa François Tolenga. Mfano wa karibu zaidi na Likasi ni wa Bunkeya, kaskazini mwa mji huo, alikotawala Msiri hadi alipouawa na msafara wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891. Mwanawe aliyerithi utawala aliitwa Mukanda-Bantu. Mjukuu wake, Godefroid Munongo, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga wakati ule ule askari wa Ireland walipokuwa wamezingirwa. Weka picha za hao watatu mezani: ni nyumba moja, lakini faharasa ya majina ya ukoo haitawaunganisha kamwe. Kinachowaunganisha ni Mwenda, jina la enzi la watawala wa Wayeke, ambalo Munongo naye alilichukua alipotawazwa mwaka 1976.

Mambo yalizidi kutatanika mwaka 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo. Tangu hapo mtu mmoja aweza kuonekana katika picha mbili kwa majina mawili, kama Mobutu mwenyewe: Joseph-Désiré kwanza, kisha Sese Seko.

Hao, hata hivyo, ni wakubwa, na wakubwa hutafutwa. Walio wengi katika picha za Jadotville ni wafanyakazi wa migodi, na kwa kawaida maelezo ya picha hayawataji. Wao na watoto wao wana jina lao la pamoja, ambalo Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alilitia katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 2001: *bana Shaba*, yaani wana wa shaba, ambao kwa mujibu wa anwani hiyo wametupwa na baba yao. Baba ni kampuni, iliyowalisha, kuwatibu na kuwasomesha watoto wao. Ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, ikaporomoka katika miaka ya 1990. Naona jina hilo lafaa kuwa kichwa cha faili kuliko Jadot.

Mwaka 2006 msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua picha za kale za wafanyakazi hao kutoka hifadhi za kampuni akazibandika juu ya picha zake za viwanda vilivyobaki magofu. Nyuso zaonekana wazi kabisa. Waliokuwa watoto katika kambi za Likasi mwishoni mwa miaka ya 1940 sasa wamekaribia miaka themanini au wameipita, na baadhi yao bado wangeweza kuoneshwa picha hizo na kuulizwa, si jina la ukoo, bali huyu alikuwa baba yake nani.