Ngitili: Malisho ya Wote na Sheria Yake

Utajapo utamaduni wa Wasukuma, wengi hukumbuka ngoma kwanza, na hawakosei. Lakini utamaduni wa watu haukai katika ngoma peke yake. Hukaa pia katika namna wanavyogawana maji, majani na kivuli. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya ngitili, yaani malisho ambayo wafugaji wa Shinyanga huyafunga kwa mapatano mvua zinapoanza, wakayafungua wakati wa kiangazi kikali, majani ya kwingineko yakiwa yamekwisha.

Ngitili zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na ngitili ya kaya, iliyokuwa karibu na boma, ikitunzwa kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe wadhaifu. Kulikuwa pia na ngitili ya watu wote, iliyolindwa na kijiji kizima. Haikuwa na ukuta wala seng'enge. Mpaka wake ulikuwa mti, kichuguu au kijito, na mlinzi wake alikuwa neno la watu. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alishitakiwa mbele ya dagashida, baraza la wananchi, akatozwa faini iitwayo mchenya. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hakuna mchunga ng'ombe ambaye hakuijua.

Desturi ya namna hii si ya Wasukuma peke yao, na kisa kimoja cha mbali kitatusaidia kuielewa ya kwetu. Katika mji wa St Andrews, Uskoti, kuna uwanja mkongwe wa gofu kando ya bahari, ambao asili yake ni ardhi ya wote. Hati ya mwaka 1552 ilithibitisha haki ya wenyeji kucheza na kulisha mifugo yao pale. Haiba ya uwanja ule inatokana na historia hiyo, kwa maana haukuchorwa na fundi mmoja. Uliumbwa polepole na upepo, mifugo na nyayo za vizazi vingi. Hata idadi ya mashimo 18, inayofuatwa leo duniani kote, ilitokana na uamuzi wa wachezaji wa hapo mwaka 1764, walipoipunguza kutoka 22. Lakini mwaka 1797 halmashauri ya mji ilielemewa na madeni, ardhi ikaangukia mikononi mwa wafuga sungura, na mashimo ya sungura yakaharibu uwanja. Ugomvi ulidumu zaidi ya miaka ishirini, mpaka mwenye ardhi mmoja aliyeupenda mchezo ule alipoinunua mwaka 1821. Mji wenyewe uliirudisha mwaka 1894, kwa sheria ya Bunge.

Tunaona basi kwamba ardhi ya wote huponyoka pale wanaoamua juu yake wanapokuwa si wale wanaoitumia. Ndivyo ilivyotokea Shinyanga pia, ingawa waharibifu wetu hawakuwa sungura.

Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikiwatumia watemi, iliwakusanya maelfu ya watu kufyeka misitu ili kufukuza mbung'o, na kituo cha utafiti wa mdudu huyo kikajengwa Old Shinyanga. Mbung'o walipungua, lakini miti nayo ilikwenda. Pamba ikadai mashamba mapya, na ng'ombe wakaongezeka. Mwaka 1947 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliotaka watu wapunguze mifugo na wengine wahamie upande wa Geita. Kwa kuwa amri zilitoka juu, zilizaa chuki kuliko majani. Baada ya Uhuru utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na mahali pengi mamlaka yaliyozilinda ngitili yakalegea. Kisha katika miaka ya 1974 na 1975 kaya zikahamishiwa vijijini, na ngitili nyingi zikabaki mbali na macho ya waliozitunza. Katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kama HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni ilikazania kupanda miche. Baadaye wataalamu walitambua kwamba chini ya udongo ule mkavu visiki na mizizi vilikuwa bado hai, na kwamba katika vichwa vya wazee sheria ya ngitili ilikuwa bado hai vilevile. Ilitosha kuufunga uwanda na kuuacha upumzike; migunga ikachipuka yenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipokwisha mwaka 2004, zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni, dawa, asali na majani ya kuezekea vikarudi karibu na nyumba, na mwaka 2002 kazi hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo hatuna budi kusema ukweli wote. Sehemu kubwa ya ngitili zilizorudi ni za kaya, na kaya yenye ardhi kubwa ndiyo hufunga eneo kubwa. Maskini asiye na ngitili hutegemea ile ya kijiji, nayo ndiyo huliwa kwanza na mashamba mapya na matanuri ya mkaa. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, wachimbaji wadogo huhitaji matimba ya kushikilia mashimo yao, na mti wa matimba hukatwa kwa siku moja baada ya kukua kwa miaka mingi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kuitenga na kuilinda ardhi yake ya wote. Wazee walitegemea kumbukumbu; kizazi hiki kinahitaji kuongeza maandishi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi wanaweza kuanza kazi hiyo: wawaulize wazee majina ya ngitili za kijiji chao, mipaka yake, na nani aliyelipa mchenya wa mwisho. Pale ambapo hakuna anayekumbuka, wajue kwamba ngitili hiyo imo hatarini, hata kama miti yake ingali imesimama.