Mshipa Uliotengenezwa

Msomaji, bila shaka umepata kusikia habari za Mzima, chemchemi zilizo katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ambazo tangu miaka ya 1950 maji yake hushuka kwa bomba mpaka Mombasa. Jina lake, kwa bahati, ni sifa ya mtu asiye na ugonjwa. Fikiri bomba hilo limebanwa mahali pamoja. Nyuma ya mbano maji yatazisukuma kuta kwa nguvu. Mbele yake yatapita kwa unyonge. Ndivyo walivyo watoto wachache wanaozaliwa na mshipa mkuu wa damu, uitwao aota, umebanwa karibu na moyo. Kichwa na mikono hupata damu yenye shinikizo kubwa. Miguu hupata haba, na mapigo yake ni shida kuyapapasa.

Zamani dawa haikuwako. Wengi walikufa kabla ya uzee, moyo umechoka au mshipa umepasuka. Oktoba 1944, katika mji wa Stockholm, tabibu Clarence Crafoord alipasua kifua cha mvulana wa miaka 12, akakata sehemu iliyobanwa, akaziunga ncha mbili kwa uzi. Lilikuwa jambo la kutisha, kwani mshipa ukifungwa wakati wa kushona, uti wa mgongo waweza kukosa damu na mtu akaamka amepooza. Mvulana aliishi. Mwaka uliofuata Robert Gross alifaulu vivyo hivyo huko Boston.

Sifa walizopewa zilikuwa haki yao. Lakini ilidhaniwa kuwa ugonjwa umekwisha, na dhana hiyo ilichukua miaka mingi kusahihishwa, maana ilibidi watoto wakue kwanza. Mwaka 1989 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa habari za watu 646 waliopasuliwa kati ya 1946 na 1981. Waliokufa baadaye walikuwa 87, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 38 tu. Shinikizo la damu lilikuwa limewarudia wengi, hasa waliochelewa kupasuliwa. Mara nyingine mshipa hubana tena. Mara nyingine njia ni pana, lakini kuta za mishipa zimekwisha kuwa ngumu. Nalo shinikizo halina kelele: mtu hula, hucheza na hulala vyema huku moyo wake ukielemewa.

Chombo cha kulifichua ni cha kale kuliko upasuaji wenyewe. Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza kitambaa cha kufunga mkononi mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo chini yake.

Sasa mfikirie kijana wa Voi aliyepasuliwa Nairobi angali mchanga, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao. Ana kovu ubavuni, upande wa kushoto, naye huwapita wenzake akipanda milima ya Wundanyi. Nani atamwambia kuwa yampasa kupimwa kila mwaka, maisha yake yote? Kipimo hakiko mbali. Kimo katika hospitali ya Voi. Afungwe mkono wa kulia, kisha mguu, hesabu zilinganishwe. Mkono wa kushoto waweza kudanganya, kwa kuwa mshipa wake huchipuka karibu na mahali palipobanwa, na pengine kipande chake ndicho kilichotumiwa kuutengeneza mshipa mkuu.