Disleksia: namna ya kutengeneza tovuti na programu za simu zinazosomeka na wote



Siku hizi matangazo mengi ya kanisa yanapita kwenye simu: saa ya ibada, mchango wa ujenzi, habari ya msiba, somo la wanaojiandaa kwa ubatizo. Hapa Kasomeno, kwenye njia itokayo Lubumbashi kwenda Kasenga na Pweto, mtu anaweza kukosa gazeti lakini akapata habari hizo kwenye kioo kidogo cha simu yake. Hata hivyo wako ndugu waliopita shuleni, wenye akili nzuri, ambao maandishi hayo yanawachosha mpaka wanayaacha. Baadhi yao wana disleksia. Makala hii inaeleza hali hiyo, na jinsi ya kuandaa kurasa ambazo wao pia wataweza kuzisoma.

Disleksia ni nini

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kuunganisha herufi na sauti kwa haraka na kwa usahihi. Mtu anasoma polepole, anaruka mstari, anakosea tahajia, tena anachoka mapema. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa hodari wa hesabu na mwenye macho mazima, lakini maneno ya kawaida yalimshinda kuyasoma. Mwalimu wake aliona kwamba angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo.

Makadirio ya kawaida ni watu 5 hadi 10 katika kila 100. Katika darasa la watoto 50, hao ni watatu hadi watano. Mara nyingi hali hii hupita katika ukoo, kwa mzazi na kwa mtoto. Hakuna sababu ya kuiita uvivu, wala kutafuta laana nyuma yake.

Kiswahili na Kifaransa

Watoto wetu husoma katika lugha mbili zisizofanana. Kwa Kifaransa sauti moja ya «o» inaweza kuandikwa o, au, ama eau. Kwa Kiswahili o ni o daima. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Eraldo Paulesu lilichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao herufi zao hufuata sauti kama zetu, walisoma vizuri kuliko wengine, lakini ndani ya ubongo alama ya tatizo ilikuwa ileile kwa wote.

Kwa hiyo mtu anaweza kujikokota katika Kiswahili na kukwama kabisa katika Kifaransa. Tena Kiswahili kina ugumu wake: maneno marefu yanayofanana. Tazama «walipokusanyika», «wanapokusanyika» na «watakapokusanyika». Tofauti imo katikati ya neno, na ndiyo inayomwambia msomaji kama mkutano umepita au unakuja. Anayekisia neno kwa mwanzo na mwisho wake atakosa siku ya mkutano.

Mpangilio wa maandishi

Shirika la W3C, linaloweka kanuni za kurasa za intaneti duniani, limetoa miongozo ambayo fundi yeyote anaweza kuifuata bila gharama kubwa. Tunataja mambo yanayosaidia zaidi:

– Panga maandishi upande wa kushoto, na upande wa kulia uache bila kunyooshwa. Kwenye simu ndogo, maneno marefu ya Kiswahili yakinyooshwa pande zote mbili huacha mapengo makubwa, na jicho linapotea humo.
– Acha nafasi kati ya mistari, walau mara 1.5, na nafasi kubwa zaidi kati ya aya.
– Mstari usizidi herufi 80.
– Tumia herufi za kawaida zisizo na mikia, kama Arial au Verdana. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa au za kulala.
– Mruhusu msomaji kukuza maandishi na kubadili rangi. Wengine husoma vizuri zaidi kwenye rangi ya maziwa kuliko kwenye nyeupe kali.

Jambo la nafasi lilipimwa. Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia walisoma haraka zaidi, na kwa makosa machache, pale nafasi kati ya herufi ilipoongezwa. Ziko pia herufi zilizochorwa maalumu kwa ajili yao, kama OpenDyslexic ya mwaka 2011. Wako wanaozipenda, lakini majaribio hayakuthibitisha kwamba umbo lake linaharakisha usomaji. Fundi aanze na nafasi.

Maneno na sauti

Sentensi iwe fupi na ibebe jambo moja. Siku, saa na mahali viwe kila kimoja kwenye mstari wake. Badala ya «Wapendwa watakapokusanyika siku ya Jumapili», andika: «Mkutano: Jumapili, saa 3 asubuhi, kanisani.»

Matangazo mengi hutumwa kama picha yenye maandishi ndani. Programu ya kusoma kwa sauti inaweza kushindwa kuyasoma, na yakikuzwa hukatika. Basi maneno yaleyale yaandikwe chini ya picha. Ujumbe wa sauti wa dakika moja unasaidia pia, na unakula data kidogo kuliko video. Kwa Maandiko, programu ya Bible.is hutoa sauti pamoja na maandishi, hivyo msomaji anasikia huku macho yake yakifuata.

Namba na fomu

Hapa kosa linagusa mfuko. Anayetuma pesa kwa simu huandika namba ndefu, na mwenye disleksia hugeuza 69 kuwa 96 kwa urahisi. Programu nzuri hugawa namba katika mafungu, huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na hukubali namba kunakiliwa badala ya kuandikwa upya. Miongozo ya W3C ya mwaka 2023 inataka pia mtu aweze kuingia kwenye akaunti yake bila kulazimika kukariri au kunakili kwa mkono.

Kisanduku cha kutafuta nacho kiwe na uvumilivu. Aliyeandika «Zabuli» apelekwe kwenye Zaburi.

Wajibu wetu

Nchi yetu ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja intaneti. Lakini hata kabla ya mikataba, Habakuki aliagizwa kuandika njozi yake wazi ili isomeke kwa wepesi. Mzigo wa kueleweka uliwekwa kwa mwandishi.

Kabla ya kufungua tovuti au kundi jipya la simu, mtafuteni ndugu anayesoma kwa shida. Mpeni simu mahali pa faragha, bila kumsomesha mbele za watu, kisha mwombeni atafute saa ya ibada. Pale atakapokwama, ukurasa ndio urekebishwe. Yeye ashukuriwe, na jina lake lisitajwe madhabahuni.