Kila Shamba na Mwenyewe: Mali ya Wamee katika Milima ya Papua

Wale miongoni mwetu tuliosoma historia katika shule za Afrika Mashariki tunalikumbuka vizuri neno "ujima". Tulielezwa kwamba hapo kale, kabla ya wafalme na mabepari, binadamu waliishi bila mali ya mtu binafsi. Ardhi ilikuwa ya wote, mavuno ya wote, na hakuna aliyejua kusema "hiki changu". Hatuna nia ya kuifuta nadharia hiyo katika kurasa hizi chache. Tunaomba tu tusafiri pamoja hadi mahali ambapo, kwa kila kipimo cha vitabu vile, ujima ulipaswa kukutwa ukiwa hai.

Mahali hapo ni bonde la Kamu, katika milima ya magharibi ya kisiwa cha Guinea Mpya, mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya bahari. Wenyeji wake hujiita Mee, yaani watu. Wageni waliwaandika kwa jina la Kapauku, walilopewa na majirani zao. Dunia ya nje ilikuwa na habari chache tu juu yao mpaka mwishoni mwa mwaka 1936, pale rubani wa Kiholanzi, Frits Wissel, alipoyaona kutoka angani maziwa matatu makubwa yaliyozungukwa na mashamba. Mwaka 1938 Waholanzi wakajenga kituo cha serikali huko Enarotali, kando ya ziwa Paniai. Bonde la Kamu lilikawia zaidi kufikiwa. Watu wake walilima kwa mti uliochongwa na shoka la jiwe, hawakuwa na chuma, hawakuwa na maandishi, wala hawakuwa na mfalme.

Mwaka 1954 aliwasili huko Leopold Pospisil, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyekuwa amesomea sheria kwao kabla ya kuhamia Marekani na kusoma elimu ya jamii na mila za watu. Alikaa katika kijiji cha Botukebo, akajifunza lugha, akasikiliza mashauri na kuyaandika. Alirudi mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na alifariki mwaka 2021. Mengi tunayoyajua juu ya mali ya Wamee wa wakati ule yametoka katika daftari zake.

Na alichokikuta ni kinyume cha ujima. Kila kipande cha ardhi kilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa mtu mmoja, si ukoo wala kijiji. Hata msitu ambao haujawahi kuguswa na shoka ulikuwa umegawanywa, na mipaka ilijulikana. Baba na mwanawe walikuwa na mashamba mbalimbali. Mume na mke hawakuwa na mali ya shirika. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na moja hivi aliweza kumiliki shamba lake, akakopa na akakopesha, na pengine baba yake mzazi akawa mdeni wake. Ardhi iliuzwa, iliachiwa urithi, na ilikodishwa.

Tusidhani kwamba hii ilikuwa tamaa tu. Chakula chao kikuu kilikuwa viazi vitamu, navyo vilitaka kazi. Katika bonde lenye majimaji wanaume walichimba mifereji na kujenga nyua za kuzuia nguruwe, na wanawake wakapanda, wakapalilia na kuvuna. Aliyetoa jasho lake kwenye mfereji alitaka ijulikane mfereji ni wa nani. Viazi vilimlisha mtu, na vilivyobaki vikamlisha nguruwe. Wengi wa wasomaji wetu hawamli mnyama huyu, lakini historia ya milima ile haisimuliki bila yeye. Nguruwe ndiye aliyeyageuza mavuno yanayooza yakawa utajiri unaotembea. Aliuzwa, alikopeshwa, au alipewa mtu mwingine amlee kwa makubaliano ya kupata sehemu ya nyama siku ya kuchinjwa.

Fedha nayo ilikuwepo. Ilikuwa ni kauri, simbi ndogo zile za baharini, ambazo wao huziita mege. Zilipanda milimani kwa mkono hadi mkono kutoka pwani ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Kwa kauri walinunua nguruwe, walilipa mahari, walilipa vibarua na walilipa fidia. Waama, hapa pana uzi unaotufikia hata sisi watu wa Uswahilini. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua kauri Unguja na kuzipeleka kwa majahazi yao makubwa hadi Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Zilipozidi, thamani yake ikaporomoka, na aliyeweka akiba ya maisha yake katika kauri akajikuta ameshika makombe matupu. Mambo ya jinsi hiyo yakatokea pia upande wa mashariki wa kisiwa cha Guinea Mpya katika miaka ya 1930, pale wageni watafutaji dhahabu walipoanza kuleta simbi kwa ndege ili kulipia chakula na vibarua. Nchi hiyo, Papua Guinea Mpya, ilipoanzisha sarafu yake mwaka 1975, iliipa jina la kina, ambalo ni jina la simbi ya lulu iliyokuwa fedha ya wazee wao.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wamee hawakuwa na daftari, lakini walikuwa mabingwa wa hesabu. Walihesabu kwa makumi mpaka sitini, kisha wakaanza upya. Walihesabu kauri, nguruwe, viazi na wageni wa karamu, na kila deni lilikaa kichwani mwa mdai, mdaiwa na mashahidi.

Sasa tufike kwenye kiini. Katika nchi ambamo kila kitu kina mwenyewe, nani alikuwa mkubwa? Walimwita tonowi, maana yake tajiri. Cheo hicho hakikurithiwa. Kijana yeyote mwenye bidii ya shamba na bahati ya nguruwe aliweza kukifikia, na nguruwe wakifa, cheo nacho kilikwenda. Tonowi ndiye aliyesimama katikati ya ugomvi, akapaza sauti, akasihi, akakaripia, na mwishowe akasema nani alipe nini. Hakuwa na askari wala jela. Nguvu yake ilitokana na jambo moja: wengi wa waliomsikiliza walikuwa wamekopa kwake, au walitumaini kukopa kesho.

Kwa hiyo utajiri wenyewe haukutosha. Tajiri aliyefungia kauri zake na asimkopeshe mtu hakuitwa mkubwa. Hakuna aliyemsikiliza, na katika baadhi ya maeneo ya Paniai bahili aliyekithiri aliweza hata kuuawa na jamaa zake. Tuone basi walivyoifumba na kuifumbua mali. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuingia shambani mwa mwenzake na kusema "hili ni letu sote". Lakini mwenye shamba naye hakupata heshima mpaka mali yake itoke mikononi mwake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, tunasema sisi. Wao walikwenda hatua moja mbele, kwani kwao utajiri usiotoka haukuwa ukubwa hata kidogo.

Kwa nini tunayasimulia haya leo? Kwa sababu namna tunavyoeleza mali ya watu wengine huamua nani atawapokonya. Mwaka 1963 utawala wa nusu ya magharibi ya kisiwa, uliokuwa wa Waholanzi hadi mwaka 1962 na kisha wa Umoja wa Mataifa kwa miezi michache, ulikabidhiwa Indonesia. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inazitambua haki za kimila za ardhi, lakini inazitambua kama haki za jumuiya, na kwa sharti kwamba zisipingane na maslahi ya taifa. Mbele ya sheria kama hiyo, Mmee anayejua mpaka wa babu yake kwa jiwe na kwa mti anageuka mmoja wa kundi. Na kilicho cha kundi ni rahisi kuombwa kwa mzee mmoja, kutiwa sahihi siku moja, na kuchukuliwa. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wachimbaji wa dhahabu kutoka nje wamemiminika kwenye mto Degeuwo huko Paniai, na swali la nani mwenye ardhi limekuwa swali la ugomvi.

Zawadi nazo hazikuwa salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilipeleka Enarotali nguruwe kutoka Bali. Baada ya muda madaktari wakaanza kupokea watu wengi walioungua vibaya mno. Usiku wa milimani ni wa baridi na watu hulala karibu na moto, na hao walikuwa wakipatwa na kifafa usingizini na kuangukia makaa. Walipochunguza, waligundua mayai ya tegu yamezaa viluwiluwi katika bongo zao, na ugonjwa huo wakauhusisha na nguruwe wale wa zawadi. Mnyama aliyekuwa akiba, mahari na karamu akawa njia ya maradhi, na kwa kuwa desturi ilikuwa kugawana, maradhi nayo yakagawanywa.

Leo bonde la Kamu limo katika wilaya ya Dogiyai, na tangu mwaka 2022 liko chini ya mkoa mpya wa Papua ya Kati. Rupia ndiyo fedha ya sokoni, ingawa kauri hazijatoweka katika mambo ya mahari.

Sisi tulio ughaibuni tunaijua mizani hii, hata kama hatujui mege ni nini. Kila mwisho wa mwezi mshahara ni wa mtu mmoja, jina lake limeandikwa juu ya karatasi, na hakuna anayebisha. Lakini huko nyumbani hakuna anayeuliza umepata kiasi gani. Wanauliza ada ya nani imelipwa, na paa la nani limeezekwa. Wamee wa Botukebo wangeuelewa mshahara huo na wangeyaelewa maswali hayo pia. Wasingeona mgongano wowote kati yake.