Utani wa Manowari na Majina Yaliyobaki Daftarini

Neno manowari limekaa katika lugha yetu muda mrefu kiasi kwamba ni wachache wanaokumbuka kuwa lilitoka vinywani mwa mabaharia wa Kiingereza, waliokiita chombo cha vita «man of war». Meli nayo ilizaliwa hivyo hivyo, kutokana na vyombo vya moshi vilivyoleta barua. Watu wa pwani walilisikia neno, wakalifinyanga mpaka likakaa sawasawa katika ulimi wao. Leo nataka kuutazama upande wa pili: namna mabaharia wa manowari hizo walivyowasikia watu wa pwani, na walivyowaita.

Kwanza yafaa tuelewe mzaha ulikuwa na kazi gani katika Jeshi la Majini la Uingereza. Baharia wa karne ya 19 aliishi chini ya sheria kali, akila alichopewa na kulala palipobaki. Hakuwa na chama wala gazeti la kulalamikia. Alikuwa na ulimi tu. Mwaka 1867 msichana wa miaka minane, Fanny Adams, aliuawa kikatili katika mji wa Alton na mwili wake ukakatwakatwa. Ni katika miaka hiyo hiyo mabaharia walipoanza kupewa nyama ya kondoo ya makopo, nao hawakuipenda. Wakasema kopo lile lina mabaki ya Fanny Adams. Utani huo unachukiza, na sitautetea kwa marehemu wala kwa jamaa zake. Hata hivyo yalikuwa malalamiko ya chakula ambayo hakuna ofisa angeweza kumwadhibu mtu kwayo, na jina hilo hatimaye likawa jina la chombo chenyewe cha kuchukulia chakula.

Maofisa nao walikuwa na wao. Kila siku ya juma ilikuwa na maneno yake ya kunyanyua bilauri baada ya chakula cha usiku, na siku ya Alhamisi waliombea vita vya umwagaji damu au msimu wa maradhi. Sababu yake ni ya kiofisi kabisa, na watumishi wa umma wataielewa upesi: cheo hakipatikani mpaka aliye juu aondoke, na baharini aliye juu aliondoka kwa risasi au kwa homa.

Lakini mila iliyovuma kuliko zote ni ile ya kuvuka mstari wa Ikweta. Baharia mmoja alivikwa taji na ndevu bandia akawa Neptune, mfalme wa bahari; mwingine akawa mkewe; wengine wakawa vinyozi. Wote waliokuwa hawajawahi kuvuka, awe mtumishi wa jikoni au ofisa kijana mwenye jina la ukoo mkubwa, walipakwa uchafu usoni, mara nyingi lami, wakanyolewa kwa kipande cha chuma, kisha wakatumbukizwa majini. Charles Darwin alinyolewa hivyo ndani ya Beagle mwezi Februari 1832. Kwa siku moja ngazi ya vyeo iligeuzwa juu chini, kwa idhini ya nahodha, na kesho yake ikarudi mahali pake. Idhini hiyo ndiyo ya kuangalia. Mchezo uliruhusiwa kwa kuwa ulikuwa na mwisho unaojulikana.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Utani baina ya makabila yetu una kanuni yake ya kale: ukinitania leo, nami nina haki ya kukutania kesho, hata msibani kwako. Bila haki ya kurudisha, ule si utani tena.

Kwa kanuni hiyo tuwatazame Masidi. Ndivyo Waingereza walivyowaita mabaharia wenye asili ya Afrika Mashariki walioajiriwa Unguja, Aden na Bombay, wengi wao wakiwa wamepitia utumwani. Walifanya kazi kwenye tanuri za moto na katika mashua za doria zilizoyafukuza majahazi ya watumwa, hasa baada ya mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873. Waliajiriwa kwa muda, na manowari ilipoondoka kituoni waliachishwa kazi. Wenzao wa pwani ya Afrika Magharibi, Wakru, waliandikwa daftarini kwa majina ya kuchekesha: Chupa ya Bia, Jack Asiyeogopa, Mwana wa Mfalme wa Wales. Masidi nao hawakusalimika na mtindo huo, ingawa wengi walibaki na majina kama Mabruki na Feruzi.

Hapo mwanafunzi makini atanikatiza: Mabruki na Feruzi si majina waliyopewa na mabwana zao? Ndiyo, mara nyingi. Mtu alizaliwa na jina la babu yake huko bara, akapewa la pili sokoni, na huenda akapewa la tatu sitahani, mbele ya watu wanaocheka.

Ofisa aliyenyolewa na Neptune hakuandikwa daftarini kwa jina la kinyozi. Kwa mwajiriwa Mwafrika, mzaha uligeuka hati rasmi: ulilipiwa mshahara, ukaorodheshwa, na aliyetunukiwa nishani ya vita alichorewa ukingoni mwake jina lile lile. Atakayefungua madaftari hayo leo kumtafuta babu yake atahitaji kujua kwanza mabaharia walimcheka kwa jina gani.

Katika makaburi ya zamani ya Simon's Town, Afrika Kusini, Wakru na Masidi wamelala pamoja na mabaharia wa Kiingereza waliowapa majina. Yako mawe yenye jina na manowari ya marehemu. Jina la manowari ndilo lisilo na shaka.