Matuta ya Bibi, Ukuta wa Mjomba

Mwaka 2016 nilikaa na bibi yangu kwenye benchi la stendi ya Msamvu tukisubiri basi la Dar es Salaam. Alikuwa ameshuka alfajiri kutoka Matombo, kanga mbili na kikapu cha ndizi. Lori la mchanga likapita barabarani, mchanga bado mbichi, maji yakichuruzika nyuma yake kama mstari wa chaki.

"Wameutoa wapi?" akauliza.

"Mtoni, Bibi. Wanajengea nyumba."

Akaguna. Bibi akiguna hivyo, mazungumzo hayajaisha.

Safari yenyewe ilikuwa ya shamba. Mjomba wangu, mwanawe wa kwanza, alinunua kiwanja karibu na ufukwe wa Kunduchi zamani kidogo, bei ikiwa bado ya kibinadamu. Sasa bahari ilikuwa imeshakula uzio wa mbele. Alitaka kujenga ukuta wa zege, na hela ya ukuta aliiona Matombo, kwenye kipande cha shamba la ukoo. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na bila neno la bibi hakuna kinachouzwa. Mimi nilitumwa kumsindikiza akaone kwa macho yake. Nikiri kwamba nilikuwa upande wa mjomba.

Ukisimama Msamvu na kutazama kusini unauona Uluguru wote umejipanga, na ukungu juu. Maji ya upande wa magharibi hushuka na Mto Ngerengere, yanapita Mindu, ambako miaka ya 1980 lilijengwa bwawa la kuunywesha mji, na tope linalibana bwawa hilo mwaka hadi mwaka. Maji ya upande wetu wa Matombo huingia Ruvu moja kwa moja. Ngerengere nayo huishia Ruvu, na Ruvu huishia Bahari ya Hindi, kaskazini ya mji wa Bagamoyo.

Kuzuia udongo usishuke ndiyo kazi aliyoifanya bibi akiwa msichana, kwa lazima. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliamua kwamba milima inaisha. Haikukosea. Mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru ukaanza mwaka 1950 hivi: watu wachimbe matuta ya ngazi, mapana, yakikata mlima kama vidato. Asiyechimba alipigwa faini. Waliochimba sana ni wanawake, kwa sababu wao ndio waliokuwa shambani.

Bibi hakuwahi kunisimulia siasa ya jambo hilo. Alinisimulia rangi. Ukichimba kidato kikubwa kwenye mteremko mkali, alisema, udongo mweusi wa juu unaufukia, na unaokuja juu ni mwekundu, mgumu, usiojua mahindi. Walipanda humo wakavuna mabua. Wataalamu wa baadaye walilieleza jambo lile lile kwa maneno marefu zaidi: udongo wenye rutuba pale ni mwembamba, na kidato kinaugeuza chini juu.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga matuta. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata masikio milimani. Vitabu vya historia huishia hapo, kwa ushindi. Mlima haukuishia hapo. Februari 1970, upande wa Mgeta, mvua kubwa ya saa chache ilisababisha mamia ya maporomoko ya ardhi. Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza wakakuta karibu yote yameanzia kwenye mashamba na nyasi, na machache mno msituni. Mizizi ya miti ilikuwa inaishika ardhi. Wakoloni waliijua hatari lakini wakakosea dawa, na sisi tulioikataa dawa hatukutafuta nyingine kwa haraka. Hilo huwa nalisema nyumbani na halipendwi.

Tulifika Kunduchi maji yakiwa yamekupwa. Mjomba alituonyesha mzizi wa mnazi ukining'inia hewani, halafu ukuta wa jirani. Mbele ya ukuta ule ufukwe ulikuwa umeshuka. Wimbi likigonga ukuta wima halichoki kama linavyochoka likipanda mchanga; hurudi na nguvu zake na kuchimba mguu wa ukuta. Pembeni, ukuta ulipokwisha, bahari ilikuwa imezunguka na kuingia kwa mjomba.

Pwani ile ina historia ndefu ya kujihami. Hoteli za Kunduchi zilijenga kuta fupi za mawe zinazoingia baharini, ili zikamate mchanga unaotembea. Maana mchanga hutembea: kusi huusukuma kaskazini, kaskazi huurudisha kusini, na kwa mwaka mzima kusi ndiyo hushinda. Ukuta ukiukamata upande wa kusini, wa kaskazini yake analala njaa. Hoteli ya Africana bahari ilikula ufukwe wake. Leo Africana ni kituo cha daladala.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba: kwamba udongo wa Matombo ndio unaolisha ufukwe wa Kunduchi, kwa hiyo mlima na bahari ni shamba moja. Nzuri, ila si kweli. Mdomo wa Ruvu uko kaskazini ya Kunduchi, na mchanga wake kwa sehemu kubwa hauji huku. Ufukwe wa mjomba hulishwa na vijito vya karibu, kama Tegeta na Mbezi, na humo kwa miaka mingi malori yamechota mchanga wa kujengea jiji.

Nilipomweleza bibi hayo, akanikatiza.

"Lile lori la Msamvu."

"Kama lile, Bibi."

Akamgeukia mwanawe. "Na ukuta wako utaujenga kwa nini?"

"Zege, Mama."

"Zege ni nini?"

Mjomba akasita. "Saruji. Kokoto." Halafu, kwa sauti ya chini, "Na mchanga."

Bibi hakucheka. Aliuliza ukuta ukiisha bahari itazungukia kwa nani, akaonyeshwa nyumba ya upande wa pili, ambako mwanamke alikuwa anaanika dagaa. Akaenda kumsalimia. Walikaa muda mrefu.

Shamba halikuuzwa. Mjomba alinuna karibu mwaka mzima, akapanga viroba vya mchanga mbele ya nyumba, na bamvua la kwanza likavipasua vitatu. Bado anaishi pale. Uzio ameurudisha nyuma hatua kumi na mbili, na choo cha nje amekihamishia upande wa barabara.